Hisa za Safaricom: niuze lini soko lisipotabirika?

Bahari_Tulivu:
Wadau, habari za jioni. Nina hisa 2,000 za Safaricom, bei ya wastani shilingi 16. Niko kwenye faida, lakini wiki hii bei inapanda, wiki ijayo inashuka. Mnaamuaje siku ya kuuza? Nisubiri gawio (mgao wa faida kwa wenye hisa) kwanza au nitoke sasa?

Dira:
Ndugu, kwanza jua bei inayorudisha pesa yako yote, maana si 16. Kama dalali anakata 2% ukinunua na 2% ukiuza, kila hisa ilikugharimu 16.32, na usiuze chini ya 16.65 kama hutaki hasara. Kodi ya faida haikuhusu. Hisa zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi (NSE) zimesamehewa.

Ukishapiga hesabu hiyo, bei uliyonunulia isikuongoze tena. Jiulize: ungekuwa na pesa mkononi leo, ungeinunua hisa hii kwa bei ya leo? Andika sababu zako mahali. Kwa Safaricom, za kufuatilia ni mapato ya M-Pesa, hasara ya kampuni yao ya Ethiopia na gawio kwa kila hisa. Mwaka wao wa fedha huishia Machi 31, matokeo hutoka Mei, na ya nusu mwaka Novemba. Sababu iliyokufanya ununue ikivunjika, uza, hata bei ikiwa bado juu. Bei kuyumba bila habari mpya hakutoshi.

Wanaoumia sana ni wanaongoja bei irudi ilikokuwa. Hisa hii ilipita 40 mwaka 2021, na 2023 ikawa chini ya 15.

Mzani:
Tumia oda ya bei maalumu, yaani mtajie dalali bei ya chini kabisa unayokubali, usiuze kwa bei yoyote itakayopatikana. Hisa 2,000 za Safaricom zinaondoka bila kutikisa soko. Kaunta ndogo, yaani hisa za kampuni zisizo na wanunuzi wengi, ndizo hatari: oda za kununua zinaweza kuwa mia chache tu, ukimwaga zako zote unajishushia bei mwenyewe. Huko gawanya mauzo kwa siku kadhaa. Na kuna hatari ya kufungiwa kabisa: hisa za Kenya Airways zilisimamishwa Julai 2020, zikarudi sokoni Januari 2025. Muda wote huo hakuna aliyeweza kuuza pale sokoni.

Dira:
Kuhusu gawio: la mwisho la mwaka ulioishia Machi 2025 lilikuwa senti 65. Kwa hisa 2,000 ni 1,300. Toa kodi ya 5%, unabaki na 1,235. Bei ikiteleza senti 65 tu, limekwisha. Tena daftari la wenye hisa watakaolipwa likikaribia kufungwa bei huwa inashuka, kwa sababu mnunuzi mpya hapati gawio hilo. Usiache kuuza kwa ajili yake pekee.

Bahari_Tulivu:
Asanteni sana. Nusu ya pesa hii ni karo ya Januari.

Mzani:
Basi hiyo nusu usiijadili, uza sasa hata kama matokeo yajayo yanapendeza. Karo ina tarehe yake na soko halina. Malipo hukamilika siku tatu za kazi baada ya mauzo, kisha dalali akutumie benki. Ukingoja Desemba, hesabu pia sikukuu: tarehe 12, 25 na 26 soko halifunguki. Nusu iliyobaki ndiyo ya kupima kwa maswali ya Dira.