Nyumba ya dola 7,000 Detroit: ninunue au nipite zangu? Naombeni ushauri

MwanaNyarugusu

Wakuu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu, na huu ni mwaka wa nane niko Grand Rapids, Michigan. Nafanya kazi kiwanda cha nyama zamu ya usiku, mama watoto anahudumia wazee kwenye makao yao. Watoto wanne. Kodi ya nyumba inatumaliza: 1,750 kwa mwezi, na mwenye nyumba ameshatuma barua kwamba itapanda tena.

Shemeji yangu yuko Detroit, zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka hapa. Amenionyesha nyumba inayonadiwa na Benki ya Ardhi, ile mamlaka inayoshika nyumba zilizotelekezwa. Ya matofali, vyumba vitatu, ina chumba cha chini ya ardhi. Dau limefika dola 7,000. Nikadhani ananitania.

Nikaenda kuiona. Nje inapendeza kweli. Ndani mabomba ya shaba yameng'olewa yote, mtambo wa kupasha nyumba joto haupo, dari ya jikoni iko sakafuni. Upande ule wa mtaa nilihesabu viwanja kumi na moja: nyumba tano zina watu, mbili zimepigiliwa mbao madirishani, vinne ni majani matupu. Nikiwa nimesimama pale akakatiza ndege mkubwa kama kanga, mkia mrefu, anatembea kama mwenye mtaa.

Akiba yangu ni dola 31,000. Huko ghala moja wameniahidi kazi. Je, niingie, au ndiyo nitakuwa nimezika jasho la miaka minane?

Kipanga_GongolaMboto

Mkuu hela hiyo ilete nyumbani. Huku Chanika unapata kiwanja na tofali za msingi juu. Hayo mambo ya kununua magofu ya Wamarekani waachie wenyewe.

MwanaNyarugusu

Chanika nitalala lini mkuu, na watoto wako shule huku? Halafu mimi si Mtanzania, ni Mkongo. Nyarugusu ilikuwa kambi ya wakimbizi.

Kipanga_GongolaMboto

Ah, samahani kaka. Nakaa pembeni nisome.

Fundi_313

Ndugu yangu, mimi ni Mkenya, niko Detroit tangu 2012, kazi yangu mabomba. Nyumba za aina hiyo nimeingia nyingi kuliko nilizoingia makanisa, kwa hiyo nisikilize.

Hiyo elfu saba isikulevye. Minada ya Benki ya Ardhi huanzia dola 1,000, na kuna watu wameanzia hapo wakaishia kulala kwenye gari. Ukishinda unapewa miezi sita, kwa kawaida, uwe umeikarabati na ina mtu ndani. Ukichelewa bila kuwapelekea ushahidi wa maendeleo, picha, risiti na vibali, wana haki ya kuichukua tena. Hesabu basi: mabomba yote upya, mtambo wa joto, tangi la maji moto, umeme, na kama dari ya jikoni imeanguka usiniambie paa ni zima. Sijui hali ya paa lako, lakini mimi yangu ilinimeza dola 58,000 na kazi nyingi nilifanya kwa mikono yangu.

Mambo mawili watu hawayasemi. La kwanza, kabla ya kupandisha dau mlipe mtu apitishe kamera kwenye bomba la majitaka kutoka nyumbani hadi barabarani. Nyumba hizi ni za miaka ya 1920, mabomba ya udongo, na mizizi ya miti imeyala. Kuchimba pale mbele ni pesa ya gari. La pili, usifunge shaba mpya halafu ukarudi Grand Rapids. Mtaa mzima wataona lori la fundi, na wezi wa vyuma wana macho. Funga mabomba ya plastiki, tena wiki ile unayohamia. Wakikuta taa inawaka na mtoto analia, wanapita.

Na usitegemee benki. Kwa kawaida hawakopeshi kwa nyumba isiyokalika, na hata ukimaliza kuitengeneza, mthamini anaweza kuiandikia bei ndogo kuliko ulichotumia, kwa sababu analinganisha na magofu ya jirani. Mimi nilitumia 58,000, akaja bwana mmoja na kalamu yake akaandika 41,000. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtaa unakufa hata kama kila mwenye nyumba anajitahidi.

MpitaNjia

Aliyoyasema Fundi ni kweli, ila ongeza bima ya gari. Sheria ilibadilishwa 2019 ikapungua kidogo, lakini ukihamisha anwani kutoka Grand Rapids kwenda Detroit utatamani kupanda baiskeli. Na jiji lina kodi yake ya mapato, asilimia 2.4 kwa mkazi.

Mwl_Jiografia

Naomba nipanue kidogo, maana mtoa mada anaangalia nyumba na mimi nataka aangalie mtaa.

Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu karibu milioni 1.85. Sensa ya 2020 ilihesabu 639,111. Fikiria mji umeondokewa na watu wawili katika kila watatu, lakini barabara, mabomba na nguzo za taa ni zilezile. Watu husema viwanda vya magari viliondoka, basi. Hiyo ni nusu. Serikali yenyewe ilichora ramani miaka ya 1930 ikapaka rangi nyekundu mitaa ya weusi, wasikopeshwe. Karibu na barabara ya Eight Mile bado upo ukuta uliojengwa 1941 kutenga weusi na mradi wa nyumba za weupe. Mtaa wa Black Bottom, uliokuwa na biashara za weusi, ulibomolewa, barabara kuu ikapita. Weupe waliopata mikopo walihamia nje ya mji, kodi ikaondoka nao. Julai 2013 jiji likatangaza kufilisika, kwa deni la takribani dola bilioni 18.

Sasa sikiliza hili linalokuhusu. Katiba ya Michigan inasema thamani ya nyumba inayokadiriwa kwa ajili ya kukokotoa kodi isizidi nusu ya bei yake sokoni. Bei zilipoanguka, jiji halikushusha makadirio. Gazeti la Detroit News lilikokotoa mwaka 2020 kwamba kati ya 2010 na 2016 wenye nyumba walitozwa zaidi kwa angalau dola milioni 600. Wengi walishindwa kulipa, wakanyang'anywa. Nyumba zilizofika Benki ya Ardhi nyingi zilipitia njia hiyo. Kwa hiyo ukiuliza "kwa nini ni rahisi hivi?", jibu mojawapo ni kwamba kuna mama fulani alitolewa humo kwa kodi ambayo hakupaswa kudaiwa.

Sikuambii usinunue. Nakuambia karatasi ya makadirio ikifika, isome, na Februari kapinge kama imezidi. Kipato chako kikiwa kidogo kuna msamaha wa kodi ya nyumba unaoitwa HOPE, unaombwa kila mwaka. Waliopoteza nyumba wengi hawakujua kwamba upo. Na kama kuna mtu anakuuzia mkononi kwa hati inayosema tu "nakuachia haki yangu kama ninayo", kimbia.

Fundi_313

Mwalimu umenigusa. Jirani yangu alitolewa hivyohivyo.

MpitaNjia

Haya lakini tusimtie hofu tu. Ule mji wa 2013 siyo huu. Taa za barabarani karibu 65,000 zimewekwa mpya, zamani ulikuwa unatembea gizani. Kituo cha treni cha Michigan Central kilichokuwa gofu tangu 1988 kimefunguliwa tena Juni 2024 baada ya Ford kukinunua. Makadirio ya 2023 yalionyesha idadi ya watu imepanda kwa mara ya kwanza tangu 1957.

Ila huo uzuri hauji kila mahali. Katikati ya mji na ukanda wa Livernois kuna mikahawa. Kule Fitzgerald walichukua viwanja vitupu wakatengeneza bustani ya watoto, ikafunguliwa 2018. Ukienda mitaa mingine kilichofanyika ni kubomoa tu, nyumba mbovu ikageuka majani. Uliza mtaa wako uko upande gani.

BiShamsa

Mwanangu, mimi ni mtu wa Mombasa, nakaa Hamtramck, kimji kilichozungukwa na Detroit karibu pande zote. Hao wengine wamesema hesabu na historia, mimi nitakwambia nilichokiona dirishani.

Ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Detroit, kulikuwa kumekufa. Wakaja Wabangladeshi. Hawakuja mmojammoja. Ndugu ananunua hapa, shemeji nyumba ya tatu, rafiki wa msikitini ya tano. Viwanja vitupu wakapanda, wakajenga vichanja vya mbao, maboga na mamumunye yananing'inia, ukipita mwezi wa nane utadhani uko shamba. Duka likafunguliwa kwa sababu wanunuzi wapo. Leo wanapaita Banglatown.

Kwa hiyo usiulize kama *wewe* ununue. Uliza mko wangapi. Wakongo wa Grand Rapids na Lansing mko tele. Nyumba moja yenye mwanga katikati ya giza ni shabaha. Nne zinazofuatana ni mtaa. Tena kabla ya yote, kabishe hodi kwa walioko. Hao watano hawakuondoka wakati kila mtu anaondoka.

MwanaNyarugusu

Wakuu, mrejesho. Jumamosi nilienda na mama watoto, tukabisha hodi kama alivyosema Bi Shamsa. Nyumba ya pili kutoka hiyo yuko bibi mweusi, amekaa hapo tangu 1971. Viwanja viwili vya majani vya jirani anavifyeka mwenyewe kila kiangazi, miaka yote, si vyake. Hakujua kwamba mwenye nyumba anayepakana na kiwanja kitupu anaweza kukinunua Benki ya Ardhi kwa dola 100. Shemeji amemsaidia kujaza fomu palepale kwenye simu.

Aliniuliza swali moja tu: unakuja kukaa au unakuja kushika? Wamenunua wengi hapo, anasema, wa California na wapi, hajawahi kuona sura zao. Kisha akaniambia hiyo nyumba niiache, chumba cha chini kilikuwa kinajaa maji tangu enzi za mwenyewe. Nikapitisha kamera hata hivyo. Bomba limevunjika sehemu tatu.

Lakini ng'ambo ya barabara kuna ile ndogo yenye mbao madirishani. Paa lake lilibadilishwa kabla mwenyewe hajafariki, bibi anakumbuka hadi lori la mafundi. Inaingia mnadani mwezi ujao. Shemeji anataka ile ya kona. Fundi, nakuomba uje uitazame kabla sijaweka dau, nitalipa.

Fundi_313

Siku ya wazi ya kuitazama nyumba wanafungua lini?

MwanaNyarugusu

Jumapili ijayo, saa nane mchana.

Fundi_313

Nitakuja. Pesa weka. Njoo na ngazi na tochi, na mwambie bibi asifyeke siku hiyo, tutafyeka sisi.