Naomba ushauri: wateja wanaoingia dukani na mbwa

Ndugu zangu, mimi ni mhudumu katika duka la vyakula ambalo mlangoni pake pamebandikwa tangazo la kukataza mbwa, lakini haipiti siku bila mteja kuingia na wake, na nikimkumbusha kwa upole hunijibu kwamba mbwa huyo ni mstaarabu kuliko baadhi ya watu (jambo ambalo, kwa kweli, siwezi kulibishia).

Simlalamikii mbwa anayemwongoza mtu asiyeona, kwa kuwa huyo yuko kazini kama mimi. Shida yangu ni wale wanaonusa mikate kwenye rafu za chini na kujikung'uta manyoya karibu na wateja wenye mzio. Juzi mmoja alikojoa katikati ya njia, nami ndiye niliyepiga deki huku mwenye mbwa akiendelea kuchagua bidhaa. Meneja huniagiza niwazuie, kisha mteja akipandisha sauti, yeye huja kumwomba radhi mbele yangu.

Je, nitumie maneno gani pale mlangoni ili nimzuie mteja bila kumdhalilisha? Na nikimwomba meneja aniandikie utaratibu huo kwa maandishi, nitaonekana mkorofi?