Sajini wa RAF aliyepotea baharini mafunzoni, 1942: nianzie wapi?

Swali
Wakuu, natafuta habari za sajini wa RAF Volunteer Reserve (akiba ya kujitolea ya RAF, jeshi la anga la Uingereza) aliyepotea na ndege ya Hudson mwaka 1942 akiwa mafunzoni Silloth, Cumberland. Hana kaburi, jina lake limechongwa Runnymede, Uingereza, kwenye jengo la kumbukumbu la wanaanga wasio na kaburi. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita haitaji kikosi chake. Nataka kujua ndege ilipotelea wapi na kwa nini.

Jibu 1
Ndugu, Silloth wakati huo ilikuwa kambi ya 1 OTU, kikosi cha mafunzo kilichowaandaa wanaanga wa Coastal Command, tawi la RAF la doria za baharini. Usikazane na jina lake peke yake. Tafuta namba ya ndege, maana ndiyo inayofungua nyaraka nyingine. Kwenye orodha ya Tume, tafuta kwa tarehe ya kifo na kwa jeshi la anga, uwakusanye wote wa siku ile, maana wenzake wa ndege ile watakuwa miongoni mwao. Angalia pia waliozikwa, si wa Runnymede tu: huenda mwenzake alitupwa ufukweni na maji akazikwa Scotland au Ireland. Hapo usidhani ndege iliangukia karibu na kaburi hilo, kwani mkondo huweza kubeba mwili kwa wiki kadhaa. Ukishapata aina ya ndege, namba na tarehe, waombe RAF Museum nakala ya kadi ya ajali, Form 1180. Ni fupi, lakini hutaja chanzo kilichokubaliwa.

Jibu 2
Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew: daftari la matukio la OTU limo kwenye fungu la nyaraka AIR 29, la kambi limo AIR 28. Soma yote mawili. La OTU mara nyingi huandika saa za kuruka na hali ya hewa bila majina. La kambi linaweza kutaja ndege na boti zilizotumwa kutafuta. AIR 81 ni majalada ya vifo na waliopotea, na hutafutwa kwa jina.

Kama ndege ilikuwa na Mkanada au Mwaustralia, anza na jalada lake hata kabla ya hayo. Ya Wakanada waliokufa vitani yako Library and Archives Canada. Ya Waaustralia ni mfululizo A705 wa hifadhi yao ya taifa. Humo ndimo zilimo barua kwa wazazi, na wakati mwingine ripoti ya uchunguzi.

Jibu 3
Kuhusu chanzo, soma kwa makini hali ya upepo siku hiyo. Juu ya bahari hakuna alama ya kumwonyesha mwongozaji kwamba ndege inasukumwa pembeni. Kosa la mwelekeo la digrii 1 huitoa ndege njiani maili 1 kwa kila maili 60. Digrii 5 kwa maili 120 ni maili 10, na mawingu yakiwa chini pwani haionekani. Redio ikinyamaza, watafutaji hubaki na mstari wa safari iliyopangwa tu. Kwa hiyo ukikuta kwenye jalada "mahali pa mwisho kujulikana", tazama saa iliyoandikwa pembeni yake: hapo ndipo ndege ilipokuwa mara ya mwisho kusikika, nayo huenda iliruka mbali zaidi kabla ya kuanguka.