Mdogo wangu amekamatwa Ijumaa jioni Malindi: nianzie wapi?

Swali
Assalamu alaykum. Mdogo wangu wa kiume alikamatwa jana Ijumaa, baada ya Alasiri, akituhumiwa kuiba simu. Amelala kituoni na mama hana raha. Jirani anatuhimiza tumpe pesa mtu anayejuana na askari. Je, si lazima apelekwe mahakamani ndani ya saa 24?

Jibu la kwanza
Wa alaykum salaam, dada yangu, poleni sana. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaweka saa 24, lakini kinaongeza kwamba zikiisha nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haiketi, mshukiwa anaweza kufikishwa huko hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hivyo polisi wanaweza kumweka mpaka Jumatatu bila kuvunja sheria, na ndiyo sababu nakusihi usiipoteze Jumamosi hii. Nenda kituoni na kitambulisho chako, uliza nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kosa lililoandikwa na afisa anayepeleleza, kisha muombe OCS, yaani mkuu wa kituo, amwachilie kwa dhamana ya polisi. Mauaji na unyang'anyi wa mabavu havina dhamana ya kituoni, ila wizi wa kawaida OCS ana uwezo wa kuukubalia. Mkitakiwa kuweka fedha taslimu, ondokeni na risiti rasmi, kwa kuwa ndiyo mtakayorudishiwa fedha hizo. Huyo mtu wa jirani msimpe hata shilingi.

Jibu la pili
Naafiki, na ukiruhusiwa kumwona, mwambie ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili, wala asitie sahihi karatasi ambayo hakuisoma. Vijana wengi hukiri ili tu watoke. Sheria ya Ushahidi haitambui ungamo ila likitolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi asiye mpelelezi wa kesi hiyo na mwenye cheo kinachotakiwa na sheria hiyo, pamoja na mtu ambaye mshukiwa amemchagua mwenyewe.

Muulizaji
Shukrani sana. Ana pumu, na dawa yake ya kuvuta imebaki nyumbani.

Jibu la pili
Basi hilo litangulie hata dhamana. Ipeleke sasa hivi pamoja na cheti cha daktari kama mnacho, umweleze afisa wa zamu, na umuombe aandike kwenye OB kwamba kijana ana pumu na dawa imepokelewa saa ngapi. Akibanwa na kifua, wanawajibika kumpeleka hospitali.