Naombeni ushauri: picha ya maonyesho, nichapishe kubwa au ndogo?

Taa_ya_Pembeni
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie, na tafadhali msinitukane, maana hata usingizi sipati.

Napiga picha za kupanga. Kwa wasiojua, sivizii tukio barabarani: natengeneza chumba, natega taa, navaa, naigiza mwenyewe mbele ya kamera. Nimechaguliwa kwenye maonyesho ya pamoja, tuko watano, mimi nina picha saba. Ufunguzi ni siku tisa zijazo. Mafaili natakiwa kuyapeleka kwa mchapaji Jumatatu.

Shida ni picha ya nne. Mwanamke kakaa ukingoni mwa kitanda, gauni la kijani, sanduku la nguo liko wazi nusu, mwanga unaingia dirishani kutoka kushoto. Mratibu wa maonyesho anataka hii ichapwe upana wa sentimita 150 ikae peke yake kwenye ukuta wa mwisho. Mimi nataka 40. Tumebishana wiki nzima. Nipeni hoja za kitaalamu za kumshinda.

fremu_kwa_fremu
Hongera kwanza, kupewa ukuta mzima si mchezo.

Ndogo ina hoja, tena nzito. Mpiga picha Mmarekani Cindy Sherman, zile picha zake za 1977 hadi 1980 anazojifanya mwigizaji wa filamu ambazo hazijawahi kuwepo, ziko karibu 70 na alizichapa ndogo, kama sentimita 20 kwa 25, zifanane na picha za kutangazia filamu. Mtazamaji inabidi asogee, anakuwa kama anachungulia. Halafu kuna Jeff Wall, mpiga picha wa Kanada, naye anapanga picha zake. Ile yake ya upepo wa ghafla ya 1993 ina upana wa karibu mita 4 na inamulikwa kwa nyuma, unasimama mbele yake unajiona uko shambani na wale watu, kofia na makaratasi yanaruka.

Amua kwanza unataka mtu achungulie chumba chako au aingie ndani. Ukienda 150, tumia karatasi isiyong'aa na kioo kisichoakisi, la sivyo watu watajitazama wenyewe.

Siti_ya_Mbele
Uzi bila picha, na mada yenyewe picha. Nimekaa pale nasubiri.

Mzee_Negativu
Wanangu, mimi ukubwa uliniumbua. Enzi za filamu nilipanga picha ya bibi harusi anajitengeneza mbele ya kioo cha kabati. Siku nzima nahangaika na taa. Nilipochapa ya kujaribia, ya kiganja, safi kabisa. Nikaipanua mita moja na nusu. Siku ya ufunguzi watu wamevaa suti, wamenyamaza wanatafakari, mtoto mmoja akamvuta mama yake: "Mama, yule wa kandambili ni nani?" Kwenye kona ya kioo, miguu yangu. Kandambili moja ya bluu, nyingine nyeupe. Basi bibi harusi akasahauliwa, ukumbi mzima unatazama kandambili.

Na ndiyo picha pekee iliyonunuliwa usiku ule.

Mama_Wawili
Mimi si mpiga picha, ila nina swali. Kwa nini mkitaka kuonyesha mwanamke lazima mmuweke kitandani na sanduku? Na mnaandika ukutani kwamba ni maigizo, au mnawaacha watu watokwe machozi bure? Uongo ni uongo hata ukitiwa fremu.

fremu_kwa_fremu
Mama_Wawili, huo uongo una umri wa kamera yenyewe. Mwaka 1840 Mfaransa Hippolyte Bayard alijipiga picha akiwa "maiti" ya mtu aliyejizamisha majini, nyuma ya picha akaandika kwamba serikali ilimbeba Daguerre, mshindani wake katika kuvumbua upigaji picha, yeye Bayard ikamtosa. Mtu mzima, hai, analalamika kwa kujifisha. Mwaka 1858 Henry Peach Robinson akaunganisha negativu tano kumwonyesha binti anakata roho, familia imemzunguka. Binti mwenyewe mzima wa afya. Watu walikasirika kwamba uchungu wa namna ile haufai kupigwa picha, wakati wachoraji walikuwa wanauchora kila siku na hakuna aliyewasema.

Kioo_cha_Nyuma
Mtoa mada, samahani. Umetueleza kitanda, gauni, sanduku, hadi upande wa dirisha. Hujatuambia unaogopa nini kwenye 150. Mtu kapewa ukuta wa mwisho peke yake halafu anaomba apunguziwe? Kwenye hiyo picha kuna nini kinachoonekana ikiwa kubwa?

Taa_ya_Pembeni
Hakuna kitu mkuu. Ni hisia tu za kisanii. Naona ikiwa kubwa inapiga kelele.

Kioo_cha_Nyuma
Hisia za kisanii hazimkoseshi mtu usingizi. Sema.

Taa_ya_Pembeni
Haya. Kitandani, karibu na mkono wangu, kuna barua. Kwenye 40 ni karatasi nyeupe tu. Kwenye 150 inasomeka.

Kioo_cha_Nyuma
Barua ya nani?

Siti_ya_Mbele
Nimehamia siti ya mbele kabisa. Sogeeni.

Kioo_cha_Nyuma
Masaa matatu sasa. Dada upo?

Taa_ya_Pembeni
Nipo. Ni ya dada yangu. Shemeji aliiacha mezani usiku alioondoka, miaka sita iliyopita. Gauni nalo ni la dada, ndilo alilovaa usiku ule. Nilivitoa kwenye sanduku lake mwaka jana, barua nikairudisha.

Lakini naomba mnielewe. Aliyekaa kitandani ni mimi. Sura ni yangu. Jina lake halipo kwenye picha wala kwenye maelezo ya ukutani. Sijamdhalilisha mtu. Na dada ndiye aliyeninunulia kamera yangu ya kwanza, siwezi kumkosea kwa makusudi.

Amealikwa. Ameshaomba ruhusa kazini aje.

Mama_Wawili
Mwanangu! Anajua?

Taa_ya_Pembeni
Anajua ni picha za wanawake na vyumba.

Mama_Wawili
Yaani aje amependeza, ashike mkono wa watu, halafu ukuta wa mwisho akutane na usiku wake mbaya kuliko yote ukiwa na upana wa mita moja na nusu? Mimi mdogo wangu aliwahi kuchukua daftari langu nililokuwa naandika mambo yangu, akawasomea binamu zetu huku anacheka. Nilikuwa na miaka 16. Leo tuna wajukuu, tunapendana, lakini nikimwona ameshika daftari lolote mkono wangu wenyewe unanyooka kumnyang'anya. Mpigie dada yako leo.

Kalamu_Kavu
Nitaongea kwa upande wa kazi. Kuna waliopita njia hii. Gillian Wearing mwaka 2003 alivaa vinyago vya silikoni akajipiga picha akiwa mama yake, baba yake, kaka yake, dada yake. Ukikaribia unaona macho yake mwenyewe kwenye matundu. Sophie Calle alipewa barua pepe ya kuachwa, akaigawa kwa wanawake 107 kila mmoja aisome kwa ujuzi wa kazi yake, akaionyesha Venice mwaka 2007 kwenye banda la Ufaransa.

Taa_ya_Pembeni
Asante sana Kalamu_Kavu! Ndicho ninachowaambia. Wakubwa wanafanya, wanaitwa majasiri. Mimi nikifanya naitwa msaliti.

Kalamu_Kavu
Sijamaliza. Barua ya Calle aliandikiwa Calle. Hii umeandikiwa wewe?

Na kuna jambo jingine hujaliwaza. Katika nchi nyingi barua ina wenyewe wawili: karatasi ni ya aliyepokea, maneno ni ya aliyeandika. Huyo shemeji wako wa zamani bado ana haki na maneno yake, hata kama hakuwa na haki na kitu kingine chochote. Akisikia yametundikwa ukutani, anaweza kuwasumbua wewe na wenye ukumbi.

fremu_kwa_fremu
Mbona dawa ni rahisi. Badilisha barua. Andika ya kubuni, ipige tena kwa mwanga uleule, ipandikize. Unapanga kila kitu, umeshindwa kupanga karatasi? Yale makaratasi ya Wall yanaruka angani miaka yote hii na hakuna anayelala njaa kwa kutojua yameandikwa nini.

Taa_ya_Pembeni
Mratibu anasema barua ndiyo moyo wa picha. Anasema mwandiko halisi una kitu ambacho huwezi kukiigiza, kalamu ilikwaruza karatasi mahali fulani, akarudia neno. Halafu muda hakuna. Sampuli ya kipande imeshachapwa, nimeikagua na kusaini.

Siti_ya_Mbele
Kwa hiyo picha hatutaki tena, tunataka barua.

Tomaso_wa_Pili
Nimesoma uzi wote nimenyamaza. Sasa nauliza taratibu: kamera yako ni megapikseli ngapi, na chumba kinachoonekana kwenye picha kina upana gani?

Taa_ya_Pembeni
24. Chumba kama mita nne. Kwa nini?

Tomaso_wa_Pili
Kwa sababu hii ni chai, wakuu, tena ya rangi.

Tupige hesabu. Megapikseli 24 ni pikseli 6,000 kwa upana. Gawa kwa mita nne, unapata pikseli 15 kila sentimita. Karatasi ya kawaida ina upana wa sentimita 21, hiyo ni pikseli 315 hivi kwa barua nzima. Herufi ya mkono yenye kimo cha milimita tatu inapata pikseli nne na nusu. Pikseli nne na nusu! Hapo huwezi kutofautisha "a" na inzi. Ichape sentimita 150 ukitaka, utapata ukungu mkubwa zaidi, basi.

Pili, juzi mafaili yanapelekwa Jumatatu. Leo sampuli imeshachapwa na imesainiwa. Jumatatu ipi hiyo?

Tatu, mtu ambaye kazi yake ni kupanga vyumba na machozi kaja kutupangia uzi. Dada, gauni, barua, ruhusa ya kazini. Umetega taa vizuri, nakupa hongera.

Siti_ya_Mbele
Aisee. Rudisheni machozi yangu.

Mzee_Negativu
Tomaso, hesabu yako ni sahihi kwa picha ya mpigo mmoja. Hata kandambili zangu nilikuwa na filamu kubwa. Ngoja ajibu mwenyewe.

Mama_Wawili
Kama ni uongo mimi nimesimulia la daftari langu bure mbele ya watu.

Taa_ya_Pembeni
Si chai. Jumatatu ni ya zile sita. Ya nne mratibu aliitaka mapema, na nilimkubalia 150 kabla sijafungua uzi huu. Niliwaficha, samahani. Nilidhani mkinipa hoja nzuri nitarudi kumgeuza.

Na picha haikupigwa mara moja. Nimeunganisha mipigo 14, kama anavyofanya Wall, yeye kwenye ile ya upepo alitumia zaidi ya 100. Kamera kwenye stendi, chumba nimekipiga kipande kipande. Ukuta, dirisha, mimi, sanduku. Kitanda nilisogea nikakipiga peke yake kwa lenzi nyingine. Faili zima linapita pikseli 20,000. Herufi zinasomeka, niamini.

Tomaso_wa_Pili
Nakuamini. Chai nimeimwaga.

Ila sasa umejijibu. Ulisogeza kamera hadi kitandani. Ulibadilisha lenzi. Ulikaza fokasi kwenye karatasi. Kitu ambacho hutaki kisomeke hukipigi hivyo, unakigeuza juu chini tu na kazi imekwisha. Ulikuwa na sekunde mbili za kuigeuza hiyo karatasi.

Kioo_cha_Nyuma
...

Kalamu_Kavu
Mwacheni apumue.

Taa_ya_Pembeni
Nilitaka isomeke.

Nyumbani wote walisema dada ndiye aliyemfukuza. Mama, shangazi, hadi wale waliokuja kumpa pole. Ana mdomo, hajui kuishi na mtu, na kadhalika. Miaka sita. Hakuna hata mmoja aliyeiona barua, na yeye hakuwahi kuitoa. Mimi niliiona kwa bahati, natafuta shuka. Mstari wa tatu jamaa anaandika wazi kwamba ana mtu mwingine, na anaomba dada awaambie watu kwamba yeye dada ndiye aliyetaka aondoke, ili wasimchukie. Na dada akafanya hivyo. Akamlinda.

Familia nzima imealikwa. Nilitaka wasimame pale waisome. Ndiyo maana nikakubali 150. Halafu nikaanza kukosa usingizi, nikataka 40.

fremu_kwa_fremu
Sina cha kusema kuhusu karatasi wala kioo.

Mama_Wawili
Amekuomba umtetee?

Taa_ya_Pembeni
Hapana.

Mzee_Negativu
Binti, sampuli iliyosainiwa si picha iliyotundikwa. Mchapaji ana mashine, hana haraka kuliko wewe. Mtumie dada yako picha. Nzima, na barua ikionekana. Usimweleze kwanza, atazame.

Taa_ya_Pembeni
Nimemtumia. Nimemwandikia pia kwamba akisema itoke, inatoka, mratibu atajaza ukuta na kingine.

Siti_ya_Mbele
Safari hii sitanii. Tujulishe.

Taa_ya_Pembeni
Amejibu. Kaandika hivi: "Hilo gauni nimelitafuta mwaka mzima. Liko kwako?"

Kuhusu barua hajagusa. Nimemwambia nalileta jioni. Kasema nilifue kwanza.

Mgeni_Wa_Lenzi
Wakuu nimechelewa, sijasoma kurasa zote, naenda kwenye swali moja kwa moja. Ukumbi ukiwa na nafasi ya mtu kurudi nyuma mita tatu, 150 inakaa vizuri sana. Chini ya hapo shuka hadi 100. Kitovu cha picha kiwe kama sentimita 150 toka sakafuni, na usisahau kioo kisichoakisi.