Vitabu vya sayansi kwa mtoto wa darasa la tatu: nikague nini kabla ya kununua?

MamaTabata: Habari zenu wakuu. Binti ana miaka 9, Kiswahili anasoma vizuri, Kiingereza bado. Anapenda nyota, mwili na mashine. Bajeti ni vitabu vitatu, hata vya mtumba.

Mkutubi: Dada, anza na mwaka wa chapa. Kitabu cha sayari cha kabla ya 2006 kitamhesabia sayari 9, maana Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka huo. Cha mwili, tafuta picha ya ulimi. Ukiona umegawanywa, utamu nchani na uchungu nyuma, kirudishe mezani. Ladha zote huonjwa popote penye vionjio, na aliyenakili kosa hilo la zamani sidhani kama alikagua mengine.

Vya nyota vingi vimeandikwa kwa anga la Ulaya. Hilali wameichora imesimama wima, wakati huku karibu na ikweta hulala kama mtumbwi, pembe juu. Nyota ya Kaskazini wanayomwambia aitafute, Dar haionekani kabisa. Chagua chenye ramani ya anga la kusini.

Lugha: mpe asome ukurasa wa katikati kwa sauti, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole 5 vikiisha kabla ya ukurasa, bado kizito. Ila neno kama usanisinuru lisikutishe, mradi limeelezwa palepale penye picha.

Fundi_Karatasi: Kabla hujatoa hela, pitia tovuti za hadithi za watoto, African Storybook na StoryWeaver. Vipo vya Kiswahili, ni bure na kuchapisha inaruhusiwa. Kwenye duka la steshenari waambie "kijitabu", A4 pande zote mbili, igeuzwe kwa ukingo mfupi. Wakigeuza kwa ukingo mrefu, nyuma inatoka kichwa chini. Kurasa 16 ni karatasi 4, kunja katikati, piga pini mbili kwenye mkunjo.

Kwa mashine, kisa cha William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyeunda kinu cha upepo cha umeme kwa vyuma chakavu, kina toleo la picha la 2012. Ni la Kiingereza, kwa hiyo msomee wewe. Feni ya trekta na fremu ya baiskeli alivyotumia, binti anavijua tayari.

Mwl_Maabara: Cha majaribio, hesabu vifaa. Kama nusu havipo jikoni kwako, kiache. Wakitaka kabichi ya zambarau ya kupimia tindikali na besi kwa rangi, choya (rozela) inafanya kazi ileile: vijiko 2 vya choya kavu, vikombe 2 vya maji, chemsha dakika 5, chuja. Gawa bilauri tatu. Ya kwanza tia limau, inakoza wekundu. Ya pili tia magadi kidogo kidogo, inaelekea buluu au kijani. Ya tatu iache ya kulinganishia.

MamaTabata: Asante sana mwalimu. Nimejaribu sasa hivi, ya magadi imebaki nyeusi tu.

Mwl_Maabara: Choya yako ni nzito. Ongeza maji mpaka uone kidole kupitia bilauri, ndipo utie magadi. Na kijiko cha limau kisiguse magadi, vinauana nguvu na rangi inarudi ilikotoka.