Mwenye duka uliyemfanya bibi yangu maiti, futa ile picha!

Wadau, tangu Ijumaa sijalala vizuri kwa hasira.

Mwezi uliopita nilipeleka picha ya familia kwenye duka moja mjini Jinja isafishwe kabla mende hawajaimaliza. Ilipigwa 1956. Bibi, mke wa askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza), kaketi kitini kampakata mama yangu, hata mwaka hajatimiza. Ijumaa binamu wa Arua akamtumia mama linki. Picha yetu iko mtandaoni, maandishi mekundu: "BIBI HUYU ALIKUWA AMEKUFA. TAZAMA MACHO." Laiki elfu nne! Mama ana presha. Akaniuliza, "Mwanangu, kwani mimi nilipakatwa na maiti?"

Banange.

Ushahidi wa huyu bwana ni jicho jeupe. Bibi aliugua surua utotoni, jicho la kushoto likabaki na ukungu, kwetu Bombo nzima walijua. Mikono myeusi? Hina, sebo! Ilikuwa Idi. Eti mama ametoka na ukungu pichani, bibi ametulia "mno". Mtoto alirusha mikono. Bibi alitulia kwa sababu picha ilikuwa ya kulipia. Na kile chuma kinachochungulia nyuma ya kiti ni mguu wa stendi ya pazia la studio, lile lenye mnazi wa kuchorwa.

Nilimpigia simu. Ananijibu, "Mzee, inajulikana, zamani maiti walisimamishwa kwa vyuma." Inajulikana na nani? Vile vyuma ni vya karne ya 19, Ulaya na Marekani. Upigaji picha wa Daguerre ulipotangazwa 1839, mtu alilazimika kutulia muda mrefu, mwanzoni hata dakika kadhaa, kwa hiyo kichwa kiliegemezwa kwenye stendi kisiyumbe. Kichwa cha mtu aliye hai! Stendi ile haina nguvu ya kubeba mwili uliolegea. Hata macho meupe ya picha za Wazungu wa enzi hizo yana sababu: kemikali za wakati ule zilishika zaidi mwanga wa buluu, basi macho ya buluu yakatoka kama ya mzuka.

Picha za wafu zilikuwepo kweli, sikatai. Ila kwa kawaida maiti alilazwa kitandani au jenezani, na mtoto alipakatwa na mamaye kana kwamba amelala. Hakuna aliyeficha kitu. Mara nyingi ndiyo ilikuwa picha pekee ya yule mtoto. Hata hapa kwetu jirani zetu Wakristo hupiga picha wamezunguka jeneza, na hakuna anayehitaji mshale mwekundu kuonyeshwa aliyekufa ni yupi.

Sisi ni Waislamu. Maiti anaoshwa, anasaliwa, anazikwa, ikiwezekana siku hiyohiyo. Nani angempaka hina, ampandishe basi hadi studio, kisha amwekee mtoto mchanga mapajani? Huyo "maiti" alinichapa kwa mwiko mwaka 1988 kwa kumwaga maziwa. Mkono ulikuwa mzito.

Nimemwambia afute, ananiambia nilipe kwanza elfu arobaini za kusafisha, na picha yenyewe bado anayo. Kesho alfajiri napanda taksi ya Jinja, na mama amesema lazima twende wote, akae pale dukani wateja wamwone.